Kumi na Mmoja Tuliomsindikiza Audrey

Benchi yetu iko Raila, Kibera, pale kichochoro cha wauza makaa kinapopanuka kidogo kabla ya kushuka kwenye bomba la maji, na imetazamana na lango la kanisa. Niliitengeneza mimi, kwa mbao za mlango ulioachwa na mpangaji aliyehama, na nalisema hilo mapema kwa sababu kuna watu huikalia kana kwamba waliirithi. Kila asubuhi Magdaline hutua birika lake la kahawa ya tangawizi pembeni, anakaa kwenye kigoda chake, na mdomo unaanza. Kuna Dalmas, tunayemwita Chairman ingawa hajawahi kuchaguliwa na mtu yeyote kuongoza kitu chochote. Kuna Shivachi, tunamwita Wakili, kwa sababu aliwahi kufagia ofisi ya mawakili miaka minne. Kuna Ambrose wa bodaboda, jina la benchi Satelaiti, ambaye hulala Gatina kule Kawangware na kutuletea kila siku habari ambazo hata watu wa Gatina hawazijui. Mimi ni Sifuna, seremala, wao wananiita Randa. Na nyuma yetu, kwenye dirisha dogo lililojaa simu zilizopasuliwa matumbo, kuna Audrey, fundi wa simu, binti wa marehemu kaka yake Chairman. Jumamosi ninayoisimulia Audrey hakutusalimia.

Satelaiti: Niaje wasee. Mbona base imenyamaza hivi? Nani amekufa?

Magdaline: Chunga mdomo. Hakuna mtu amekufa. Audrey amekasirika.

Satelaiti: Amekasirikia nani?

Magdaline: Wewe. Na mimi. Na hawa wote. Kunywa kahawa yako polepole.

Nieleze kidogo, kwa sababu mwenyewe nilichukua siku tatu kuelewa. Kuna programu ya simu inayoitwa Mfereji. Inakuonyesha ni bomba gani lina maji leo na upitie wapi kulifikia. Haina tajiri. Imetengenezwa na watu waliotawanyika duniani, wanaojitolea tu, na mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani aone ilivyoundwa, arekebishe akiweza, kisha awapelekee rekebisho lake walikague. Wakilikubali, linaingia kwenye simu za watu wote. Audrey alikuwa amehangaika na rekebisho lake wiki sita, kila akifunga kazi. Akalituma Jumatatu. Jumanne mkaguzi wao, mtu anayeitwa Tuva, akamrudishia maswali mawili. Audrey akawa anapanga maneno ya kujibu, na alimtajia baba yake mdogo tu kwamba bado hawajaikubali. Hapo ndipo sisi, kwa mapenzi yetu, tukaingia kwenye ukurasa wao na viatu vya matope.

Satelaiti: Kwani tulikosea wapi? Si tulimsaidia?

Sauti ikatoka dirishani.

Audrey: Uncle Ambrose, ulileta watu wangapi?

Satelaiti: Sita tu. Watu poa wa Gatina. Wawili ni wa kwaya.

Audrey: Wanajua nini kuhusu hiyo programu?

Satelaiti: Wanakujua wewe. Ama wamekaribia kukujua. Niliwaonyesha picha yako ya graduation.

Audrey alitoa kichwa nje, simu mkononi. Alianza kutusomea yale tuliyoyaandika kwenye ukurasa wa mradi, mmoja mmoja, polepole, kama mwalimu anayerudisha mtihani.

Audrey: Huyu ni baba mdogo. "Bwana asifiwe. Mimi ni baba mdogo wa Audrey. Huyu msichana ametoka kwa nyumba ya heshima. Babake alitengeneza mashine za kusaga posho mpaka siku ya mwisho. Hajawahi kuiba. Tafadhali mpokeeni." Baba mdogo, nani aliuliza kama niliiba?

Chairman: Hakuna. Ndiyo maana nikawahi kujibu kabla waulize.

Audrey: Wakili. "Tunadai jibu kwa siku saba, bila kuathiri haki zetu zingine zote."

Wakili: Hiyo ni lugha ya kawaida. Barua zote za kule ofisini zilikuwa zinaisha hivyo.

Audrey: Mama Magda. "Mungu awabariki nyote wa Mfereji. Mkifika Raila, kahawa iko, mandazi iko, karibuni sana."

Magdaline: Sasa hiyo nayo iko na makosa gani?

Audrey: Imefutwa. Wamesema ni tangazo la biashara.

Magdaline: Wueh! Kukaribisha mgeni imekuwa tangazo?

Audrey: Na Randa. "Naunga mkono." "Naunga mkono." "Naunga mkono."

Ilinibidi nijitetee. Mtandao ulikuwa unasuasua siku ile, na mimi nilidhani haijaenda.

Jumla tulikuwa watu kumi na mmoja. Alhamisi Tuva akatufungia sisi wengine mazungumzo. Audrey alitusomea na hilo pia, akilitafsiri kutoka Kiingereza: kwamba watu wengi wameingia bila kusoma mwongozo wa kuchangia wala kanuni za jamii yao, kwamba pale wanajadili kazi, hawamjadili mtu, kwamba wao hawashinikizwi kwa wingi wa sauti. Mwisho Audrey akaandikiwa yeye mwenyewe. Ajibu yale maswali mawili kufikia Jumamosi saa sita mchana, saa za Nairobi. Asipojibu, rekebisho litafungwa, na toleo lingine la programu ni mwaka ujao.

Jumamosi ndiyo ilikuwa hiyo, na saa ilikuwa nne na nusu.

Chairman: Kwanza mimi niulize. Huyu Tuva ni mwanaume ama ni mwanamke?

Audrey: Sijui.

Chairman: Ni wa wapi?

Audrey: Sijui, baba mdogo. Huko hatuulizani.

Chairman: Mnaona! Mtoto anaongea na mtu wiki nzima, hajui hata kwao ni wapi. Tuva. Hiyo jina ni kama ya dawa ya kikohozi.

Wakili: Kisheria, ngoja niwaambie. Hizo kanuni za jamii ni mtego. Watu huandika kitu ndefu ndio usisome. Kule ofisini niliona mkataba iko na kurasa themanini, na ile sentensi ya kukumaliza iko ukurasa wa sabini na tisa.

Audrey: Hii ni kurasa mbili, Wakili.

Wakili: Mbili?

Audrey: Mbili.

Wakili alifikiri. Mtu huyu hakubali kushindwa, akishindwa hubadilisha mahakama.

Wakili: Sasa hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kama ni mbili, basi wameficha sana.

Satelaiti: Nyinyi mko nyuma. Tuva si mtu. Ni mashine. Iko kwa stoo baridi huko majuu, ng'ambo ya bahari, inafundishwa neno moja tu: hapana. Kuna msee wa Gatina alituma maombi ya kazi, jibu ikarudi kabla hajatoa kidole kwa simu. Mtu anaweza kusoma hiyo haraka?

Chairman: Na mashine iko na wivu? Maana hii ni wivu. Wameona kazi ya mtoto wetu imezidi yao, wanamchelewesha ndio waiandike jina lao.

Satelaiti: Chairman, fikiria kubwa. Wanachotafuta ni maji. Ukijua bomba zote za Kibera ziko wapi, unajua watu wote watakuwa wapi saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo ni ramani ya jeshi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na aliyeunda ni jeshi.

Magdaline: Jeshi gani inataka kukutana na mimi na mtungi, saa kumi na mbili, sijachana nywele?

Satelaiti: Utaona.

Chairman: Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Na hii programu ni ya maji. Sasa hawa watatushinda aje?

Hakuna aliyemuuliza inafuata vipi. Tumeshazoea. Chairman hutoa methali kama mtu anayerusha mawe juu ya paa, moja ikigonga anafurahi.

Audrey alikuwa amerudi ndani, lakini nilisikia bisibisi imesimama.

Audrey: Randa, hebu waambie kwa nini hii benchi ni fupi.

Nikaweka kikombe chini. Hadithi hii huwa inanipandisha hasira mpaka leo, lakini kuulizwa nilikuwa nimeulizwa.

Mimi: Niliitengeneza inchi kumi na nane kwenda juu. Nikaenda Bungoma kwa mazishi. Satelaiti akakaa, akaona inayumba kidogo, akachukua msumeno wangu, wangu mimi, akakata mguu mmoja.

Satelaiti: Lakini ilikuwa inayumba.

Mimi: Chini ndiko kulikuwa kunayumba! Ungeweka kijiwe kidogo tu. Ikainama upande huo, Wakili akakata mguu wa pili.

Wakili: Kwa nia njema.

Mimi: Chairman naye akakata ya nyuma miwili, ati ifanane na ya mbele. Sasa tunakaa magoti yakigonga kidevu, na bado inayumba. Na hakuna mmoja aliniuliza. Fundi niko hai, simu niko nayo, namba yangu mko nayo!

Magdaline alikuwa anacheka mpaka birika linatikisika.

Audrey: Ungepata nafasi ya kuandika kitu kwa hiyo benchi kabla uende Bungoma, ungeandika nini?

Mimi: Ningeandika hivi. Kabla ukate, sema unakata nini na kwa nini. Na uniletee mtu mwingine ameikalia, sio wewe peke yako, akaona inayumba.

Audrey alitoa kichwa tena. Alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Audrey: Randa, umeandika mwongozo wao wote. Maswali ya Tuva ni hayo hayo. La kwanza, umebadilisha nini na kwa nini. La pili, nani mwingine ameijaribu. Basi. Hakuna jeshi.

Satelaiti: Jeshi haiwezi kujiandika.

Chairman hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, na niliona kuna kitu kinamkereketa kweli.

Chairman: Audrey, nisaidie hapo, na sio ubishi. Hapa kwetu mtu akienda kuomba kitu, anasindikizwa. Akitafuta nyumba, akitafuta kazi ya mjengo, akienda kuoa, watu wanaenda na yeye. Ukitokea peke yako, wenye boma wanajiuliza, huyu hana wenyewe? Alikosana na nani? Sasa hao watu wako, kama hakuna mtu wa kukusemea, wanakujuaje?

Audrey: Hawanijui.

Chairman: Na wanaweza kuchukua kazi ya mtu hawamjui?

Audrey: Wanaiangalia kazi. Ikiwa sawa wanaichukua. Ikiwa mbaya wanasema ni mbaya, na wanasema ni mbaya wapi.

Chairman: Hata kama ni mwizi?

Audrey: Kazi iko wazi, kila mtu anaiona. Ataiba nini?

Chairman: Hiyo ni ajabu.

Audrey: Ni ajabu. Na mimi hiyo ndiyo nilikuwa naipenda, baba mdogo. Hapa mtu akileta simu ananiuliza fundi ako wapi, na mimi ndiyo nimeshika bisibisi. Mimi ni mtoto wa marehemu Oloo. Ni yule msichana wa hapo kwa makaa. Huko hakuna mtu aliuliza. Siku mbili nzima nilikuwa tu fundi. Halafu mkaingia watu kumi na mmoja, mkawaambia mimi ni mtoto wa nani.

Nitasema ukweli, niliumia. Sijui kama uliwahi kumfanyia mtu wema, halafu ukaoneshwa upande wake wa nyuma.

Chairman: Tulitaka wajue hauko peke yako.

Audrey: Najua. Ndiyo maana nimeshindwa kuwatusi.

Magdaline alizunguka na birika, akatujazia bila kuulizwa. Wakili akaangalia simu yake. Saa tano na dakika kumi.

Wakili: Basi jibu, mama. Swali la kwanza si unalijua?

Audrey: Nalijua. La pili ndilo sina. Nani mwingine ameijaribu.

Chairman: Sisi!

Audrey: Mmeijaribu?

Chairman: Tumeiunga mkono.

Audrey: Hiyo si kitu moja. Kati yenu nani huenda bomba?

Tukaangaliana. Maji ya nyumba yangu huletwa na mke wangu. Chairman huletewa na mpwa wake. Wakili huletewa na mkewe. Satelaiti alisema kwao Gatina maji huja na mkokoteni mpaka mlangoni, na kwamba hata hivyo aandikwe tu amejaribu mara mia moja, nani atajua? Audrey alisema atajua yeye. Magdaline ndiye pekee aliyeinua mkono, akaushusha. Bomba analochotea yeye liko nyuma ya nyumba yake, hahitaji programu kulifikia.

Saa tano na nusu. Jua lilikuwa limeshafika kwenye miguu yetu.

Ndipo alipopanda yule dada wa mtungi wa njano. Nasema yule kwa sababu tunamwona kila siku, asubuhi na mchana, akitoka kwa bomba na lita ishirini kichwani, leso imekazwa kiunoni. Siku hiyo alisimama kwa sababu pikipiki ya Satelaiti ilikuwa imeziba njia.

Dada: Habari zenu. Naomba kupita.

Satelaiti: Jipenyeze hapo kando, siz.

Kando hapakutosha hata mbuzi. Akangoja. Na akiwa anangoja akasikia Wakili akitaja jina la ile programu.

Dada: Mfereji? Hiyo ilinipeleka mpaka ng'ambo ya reli siku moja. Nilitusi mtu simjui.

Chairman: Ndiyo hiyo. Huyu mtoto wetu ameirekebisha, na watu wa majuu wanamsumbua.

Dada: Amerekebisha nini?

Chairman alifungua mdomo. Akamwangalia Wakili. Wakili akamwangalia Satelaiti. Satelaiti akaniangalia mimi, na mimi nikaangalia kahawa. Nilikuwa nimeunga mkono mara tatu, na sikujua nimeunga nini.

Chairman: Ameirekebisha... ndani. Ni mambo ya ndani.

Audrey alitoka kibandani, kwa mlango, akaja akasimama mbele ya yule dada. Alimwelezea kama anavyomwelezea mteja simu yake ina nini. Alisema programu ilikuwa inapima umbali kama mtu mwenye rula juu ya karatasi. Kwa rula, bomba la ng'ambo ya reli liko karibu na Raila. Kwa miguu kuna mtaro katikati, na kuzunguka kwake ni nusu saa. Yeye ameifundisha kufuata vichochoro. Amevitembea vyote mwenyewe, jioni baada ya jioni, akihesabu.

Audrey: Kama wewe, ukitoka hii bomba ya chini unaenda wapi?

Dada: Juu, nyuma ya posho mill.

Audrey: Sasa itakupitisha hapa kwa makaa, unaingia geti ya kanisa, unatokea nyuma moja kwa moja. Unaokoa dakika kumi na mbili.

Dada: Geti hii?

Audrey: Hii.

Dada: Na hufungwa saa ngapi?

Sikiliza. Benchi yetu imeangalia lango hilo miaka sita. Hakuna kitu kingine mbele yetu cha kuangalia. Tuliinua macho wote kwa pamoja, na lilikuwa limefungwa, kufuli limening'inia, na hakuna aliyekuwa ameliona.

Dada: Nauliza kwa sababu mimi huipata hivyo. Siku zingine iko wazi, siku zingine iko na kufuli. Nikiipata na kufuli narudi yote, na maji iko kichwani. Nilidhani nyinyi mnaokaa hapa mtakuwa mnajua.

Chairman: Mimi ni mshirika wa hii kanisa. Jumapili huwa wazi.

Dada: Jumapili najua.

Wakili: Kisheria, geti ya mahali pa ibada...

Magdaline: Wakili, nyamaza.

Satelaiti: Inawezekana kuna sababu kubwa. Inawezekana pasta...

Magdaline: Na wewe.

Audrey alikuwa amekodolea macho lile kufuli. Nikaelewa anachokiona. Yeye alivitembea vichochoro vyote jioni, baada ya kazi, na jioni lango huwa wazi kwa ajili ya mazoezi ya kwaya. Rekebisho lake lingepita kama lilivyo, lingewaleta kina mama wote wa Raila wenye simu mpaka kwenye kufuli hilo, mitungi kichwani, mchana kweupe. Na sisi tungekuwa tumeliunga mkono.

Audrey: Wiki hii umeipata imefungwa mara ngapi?

Dada: Mbili. Jumatano na leo. Wacha niende, shingo imechoka.

Satelaiti alisukuma pikipiki bila kuambiwa. Dada akapita, maji yakimwagika kidogo begani, akakunja kona ya makaa.

Audrey alikaa pale pale kwenye ngazi ya kibanda chake akaandika. Hakuna aliyempa methali. Ilipofika saa sita kasoro dakika nane alitusomea. Alikuwa ameandika alichobadilisha na kwa nini. Kisha: "Nani mwingine amejaribu: mtu mmoja, leo. Aliuliza lango la kanisa hufungwa saa ngapi. Sijui. Kwa hiyo rekebisho langu bado halijawa sawa. Na wale kumi na mmoja ni watu wangu. Hawakuja kwa ubaya."

Chairman: Unawaambia kazi yako ina makosa? Wewe mwenyewe?

Audrey: Eeh.

Chairman: Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Sijui alimaanisha nini, lakini alilisema kwa upole, na Audrey akamshika bega. Kisha akatuma.

Tukangoja. Magdaline alitikisa birika, akaliinamisha juu ya kikombe cha Wakili, likatoa matone mawili na masalio ya tangawizi. Kahawa ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyelalamika. Saa sita na dakika tatu simu ya Audrey ikalia.

Satelaiti: Ni hapana, si ndiyo? Mashine hujibu haraka.

Audrey aliusoma ujumbe mara mbili, kisha akatusomea.

Audrey: "Asante. Hili ndilo jibu tulilokuwa tunalingojea. Rekebisho linabaki wazi. Masahihisho madogo tunayapokea mpaka Jumatano, tafuta saa za lango. Watu wako waambie wasome zile kurasa mbili, kisha warudi. Ujumbe wa kahawa tumeurudisha. Tulikosea, haukuwa tangazo."

Magdaline: Eeeeh! Mwambie Tuva nimemsamehe! Mwambie akuje!

Chairman alipiga makofi. Wakili akasema alijua tangu mwanzo. Satelaiti akaanza kueleza jinsi jeshi nalo hubadilisha mbinu. Kelele ilikuwa imerudi, na mimi nilikuwa na furaha ya kweli. Lakini Audrey aliinua mkono.

Audrey: Ngojeni. Haijaisha. "Lile swali la lango ni mchango, na kwetu kila aliyechangia huandikwa jina lake, hata aliyeleta swali tu. Huyo mtu aliyeuliza anaitwa nani?"

Tukageukia kona ya makaa.

Chairman: Yule... si ni yule wa kutoka huku chini?

Audrey: Jina, baba mdogo.

Chairman: Ni Mama nani... Mama...

Wakili alitazama viatu vyake. Satelaiti, mwenye habari za Gatina, za Soweto East, za majuu na za jeshi, alikuna kidevu. Audrey akamgeukia Magdaline, maana wanawake hujuana.

Magdaline: Mimi humwita tu dada. Hupita mara mbili kwa siku. Miaka yote hii, humwita dada.

Audrey alivuta dirisha lake, akafunga komeo, akaenda mbio upande wa makaa kumtafuta. Tukasikia akiuliza watu huko mbele, wamemwona mama wa mtungi wa njano? Na mitungi yote ya Raila ni ya njano.

Chairman akasema wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mara hii methali yake ilikuwa imegonga, na hakufurahi.

Mimi nilibaki nimeiangalia benchi yangu. Nilikuwa nawaza kwamba muda wote ule yule dada hakuutua mtungi. Kuutua ni rahisi, lakini kuurudisha kichwani kunataka mtu wa kukushikia, na hakuna aliyenyanyuka. Benchi hii niliitengeneza ya watu watano. Asubuhi ile tulikuwa tumekaa wanne.